Jumamosi za Nzisa

Jumapili, tarehe 14 Oktoba 2007, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Mwelu alikuwa akifuta kioo cha kompyuta namba tisa kwa kitambaa chenye maji. Kidole chake kiligusa kitufe cha chini, kioo kikawaka. Juu yake palikuwa pameandikwa maneno mawili: Karibu, Nzisa.

Alisimama palepale, maji yakimdondoka mkononi. Nzisa alikuwa binti yake wa pekee. Alimzika mwezi wa tatu.

Hakupiga kelele. Alirudisha kitambaa ndani ya ndoo, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Yesu, simama hapa na mimi," kisha akakitazama chumba kizima kama anavyokitazama kila siku kabla ya kukifagia, kuanzia kona ya mlango akizunguka. Ndipo alipoona kule mwisho mlango wa chumba cha utafiti uko wazi. Ndani, kabati la chuma la Daktari Syombua lilikuwa limeachama. Kufuli lililokatwa lilikuwa sakafuni. Rafu tatu zilizojaa madaftari siku ya Ijumaa zilikuwa tupu kabisa.

Kompyuta hakuizima. Alishuka ngazi polepole, akishika ukuta, akamwambia Kaloki mlinzi apige simu kituo cha polisi.

Jumba lile la mawe, chini ya vilima vya Iveti mjini Machakos, lilikuwa tawi la chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Waliosoma hapo walikuwa watu wenye kazi zao: walimu wa shule za msingi kutoka Mwala, washonaji wa viwanda vya EPZ kule Athi River, makarani wa Mlolongo. Masomo yao yaliwekwa kwenye mtandao, wazi kwa ulimwengu wote. Mtu yeyote angeweza kuyafungua na kuyanakili bila kuomba ruhusa. Daktari Syombua, mama wa miaka hamsini, mpole, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba nyeusi, alikuwa akitafiti kama masomo ya namna hiyo yanaweza kweli kumfikisha mtu kwenye shahada. Alikuwa na wanafunzi sitini na wanne. Hao waliingia kwa majina yao, na mashine ikaweka kumbukumbu ya siku, saa na somo. Zaidi ya hayo alimpa kila mmoja daftari la kurasa arobaini na nane, aandike mambo hayohayo kwa mkono wake, na kila mwisho wa wiki yalifungiwa kabatini.

Mwelu aliwahi kumuuliza kwa nini kazi moja ifanywe mara mbili.

"Mashine inaona jina tu, Mama Nzisa," Daktari alimjibu. "Mkono wa mtu ndio unaonyesha mtu. Na hata wewe ukitaka kusoma, fungua tu. Jina ni la hawa wa utafiti, ili tuwahesabu. Mwingine haulizwi jina."

Nzisa alikuwa mmoja wa wale sitini na wanne. Alifundisha Mwala, akaja mjini kusoma, akiketi daima namba tisa, karibu na dirisha. Homa ilimchukua kwa siku nne. Nguo zake Mwelu aliwagawia binamu, na picha aliyobaki nayo ilikuwa moja, ile ya kitambulisho. Maandishi ya mkono wa mwanawe hayakuwa popote isipokuwa ndani ya daftari lile. Nzisa alilijalidi kwa kipande cha plastiki yenye maua ya manjano, alichokikata kwenye pembe ya kitambaa cha meza cha mama yake. Siku ya mazishi Daktari Syombua alimshika Mwelu mabega, akaahidi kwamba utafiti ukiisha, daftari lile litakuwa lake. Miezi saba Mwelu alifagia akipita mbele ya kabati lile, na kila alipoweka kikombe mezani kwake kwenye ile pembe iliyokatwa, alihesabu muda uliobaki. Ulikuwa umebaki kidogo sana. Jumatano hiyo wakaguzi wangekuja kutoka Nairobi kulinganisha madaftari na kumbukumbu za mashine, na baada ya hapo kazi ingefungwa.

Sasa daftari halikuwepo, na jina la mwenye daftari lilikuwa likiwaka kwenye kioo.

Sajini Mbula alifika saa mbili kamili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti zilizong'arishwa, na aliandika kila kitu pamoja na saa yake. Wesley, fundi wa kompyuta, alipofika, sajini alimwamuru achapishe kumbukumbu zote za jina la Nzisa. Karatasi zilipotoka, Wesley alizitazama, akazitazama tena, akamkabidhi sajini. Sajini alisoma kwa sauti. Tangu tarehe 7 Aprili, Nzisa alikuwa ameingia mara ishirini na nane, kila Jumamosi bila kukosa, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kwenye kompyuta namba tisa. Mara ya mwisho ilikuwa jana.

Kaloki, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia.

"Mwaitu," alimwambia Mwelu, kwa neno lile ambalo Wakamba humwitia mama, "mimi mwizi simwogopi. Lakini hii si mwizi. Hii ni iimu, roho ya mfu. Huyo mtoto hakupewa nafasi ya kumaliza."

Mwelu aliamini, kama kanisa lake linavyofundisha, kwamba waliokufa wamelala na hawajui neno lolote mpaka siku ya parapanda. Hata hivyo, tangu asubuhi ile aliupita mstari ule wa kompyuta akishika ndoo kwa mikono miwili. Kiti cha namba tisa kilikuwa kimegeuzwa kidogo kuelekea dirishani, vilevile Nzisa alivyokuwa akikigeuza.

Sajini alimketisha chumba cha chai, akafungua kitabu chake.

"Jana ulikuwa wapi, mama?"

"Kanisani mpaka saa tisa, halafu kwangu Mumbuni, na akina mama wa kanisa. Jumamosi sifanyi kazi. Mimi ni wa Sabato. Ndiyo maana nafagia Jumapili."

"Hayo maneno ya siri ya binti yako ya kuingilia kwa kompyuta, uko nayo?"

"Niliachia darasa la saba, sajini. Hiyo kompyuta naipanguza vumbi tu."

"Lakini funguo za milango uko nazo."

"Niko nazo."

"Na hilo daftari ulikuwa unalitaka." Sajini hakuinua macho. "Nimeambiwa. Mtu anaweza kutaka sana kitu cha mtoto wake mpaka akashindwa kungoja."

"Nililitaka na bado nalitaka," Mwelu alisema. "Moja. Ya wale wengine sitini na watatu ningepeleka wapi?"

Sajini aliandika hilo pia. Kisha akamwambia asitoke mjini.

Mwelu aliomba ruhusa moja, kufagia chumba cha utafiti. Sajini alishangaa kidogo, akakubali, akasimama mlangoni kumwangalia. Mwelu alifagia kuanzia kona hadi miguuni pa kabati, polepole, kwa mkono wa mtu asiyekimbizwa. Akakusanya vumbi kwenye kizoleo, akampelekea.

"Angalia."

"Naona vumbi."

"Ni vumbi tu. Hilo kufuli limekatwa kwa msumeno wa chuma, meno yake yanaonekana. Marehemu mume wangu alikuwa anachomelea mageti. Ukikata chuma hivyo, unga wake unamwagika, unang'aa, unaingia mpaka kwenye nyufa. Hapa hakuna hata punje."

Sajini Mbula aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama. Ilikuwa saa nne na robo, na kwa mara ya kwanza alimtazama Mwelu usoni.

"Kwa hivyo lilikatiwa kwingine."

"Lilifunguliwa kwa ufunguo wake, likakatiwa huko, likarudishwa hapa lilale chini tulione. Na ufunguo wa kabati mimi sina."

Funguo za kabati zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Daktari Syombua, mwingine Wesley.

Daktari alifika saa tano, akaona rafu tupu, akaketi kwenye kiti cha karibu. Alilia kimya. Miaka miwili ya kazi, alisema, na wakaguzi wanakuja Jumatano. Alipomwona Mwelu alimshika mikono akamwomba radhi kwa ajili ya daftari, na mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Alitoa ufunguo wake, akasema haukuwa umetoka kwenye pochi yake. Wesley naye alitoa wake. Lakini Wesley alikuwa amegombana na Daktari siku ya Alhamisi, watu wakasikia, na alipoulizwa alikuwa wapi Jumamosi alasiri, alisema alikuwa "kwa shughuli zangu". Aliulizwa mara tatu, akajibu hivyo mara tatu. Jioni ile polisi walimchukua.

Jumatatu asubuhi habari zilikuwa zimeenea. Wanafunzi wawili walikataa kupanda juu. Mmoja alisema aliwahi kuketi namba tisa akakuta kiti kina joto. Mke wa mchungaji alimpigia Mwelu simu, kwa upole mwingi, kumuuliza kama kuna maombi ambayo hayakufanywa vizuri siku ya mazishi. Mwelu alishukuru akakata simu, akasimama katikati ya ua na ufagio wake. Hilo ndilo lililomchoma kuliko polisi. Walikuwa wanamtoa mwanawe kaburini na kumzungusha ngazi hizi kama mtu asiye na kwao.

Alikwenda nyuma ya jumba, kwenye shimo la taka.

Shimo lile alilijua kama sufuria yake. Kila Ijumaa saa sita mchana aliwasha taka, na saa nane alizika majivu kwa udongo mwekundu, ili Sabato imkute amemaliza. Sasa juu ya udongo wake palikuwa na majivu mengine, ya karatasi, mepesi, yenye matabaka kama majani ya kitabu. Alichuchumaa. Kando palikuwa na kona ya jalada iliyosalia, ya bluu, na chapa ya madaftari ya utafiti.

Alimwita Kaloki.

"Jumamosi nani alichoma taka?"

"Si ni wewe? Niliona moshi kama saa kumi na moja, nikiwa gate. Nikasema huyu mama hachoki."

"Kaloki, umenijua miaka sita. Umewahi kuniona hapa Jumamosi?"

Mlinzi alifikiri, akakuna shingo. Hakuwa amewahi. Mwelu alimwomba akumbuke alasiri yote ile kwa utaratibu, nani alikuwepo saa ngapi. Kaloki alisema wanafunzi waliondoka saa tisa na nusu kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua. Wesley hakuonekana siku nzima. Saa kumi na dakika kumi alipanda kufunga madirisha, akamkuta Daktari peke yake upande wa dirishani, ameinama, naye Daktari akashtuka kidogo. Alisema anatafuta miwani yake imeanguka. Kaloki akamwacha aitafute, akafunga madirisha ya upande mwingine.

"Akaipata?"

"Sikuuliza, mwaitu. Nilirudi gate. Alitoka saa kumi na mbili kasoro, akaniaga vizuri."

Moyo wa Mwelu ulikuwa umeona kitu, lakini hakutaka kukiangalia bado. Alimwomba Mungu kwamba iwe ni kosa la macho yake. Kisha akaleta chekecheke ya nafaka na kopo tupu la siagi, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuchekecha majivu.

Kila daftari lilikuwa limefungwa kwa pini mbili za waya. Karatasi huungua, pini haziliwi na moto. Alizitoa mojamoja, nyeusi, akazihesabu kopo likilia. Ilimchukua mpaka saa saba. Zilikuwa mia moja na ishirini na sita. Alirudia kuchekecha, akapekua na udongo wa chini kwa kijiti, hakupata nyingine. Mia moja ishirini na sita ni madaftari sitini na matatu.

Na kitu kingine alichokitafuta hakukiona. Plastiki ya kitambaa cha meza, ikiungua, haiwi jivu. Huyeyuka, hugandamana, huwa donge gumu jeusi linaloshika kila kitu. Angekuta donge hilo. Halikuwepo.

Daftari la Nzisa halikuchomwa.

Saa tisa alikuwa kituo cha polisi na kibakuli cha githeri. Sajini Mbula alimruhusu kuongea na Wesley akiwa yeye mwenyewe amesimama karibu. Fundi alikuwa na macho mekundu na suruali yenye vumbi la simiti.

"Mathe, ungebaki tu nyumbani," alisema. "Hii mahali si yako."

"Kula kwanza."

Alikula. Alipomaliza nusu, Mwelu alimwambia kwamba anayetumia jina la Nzisa aliketi namba tisa Jumamosi saa nane mpaka saa kumi, na kama Wesley alikuwa mbali na Machakos saa hizo, basi anachofanya sasa ni kumficha mtu huyo. Akamwambia, bila ukali, kwamba Nzisa alimheshimu, na kwamba mjini wanasema Nzisa ni mzimu.

Wesley aliweka kijiko chini. Akaangalia buti za sajini.

"Nilikuwa Athi River, nje ya geti la EPZ. Nanakili yale masomo kwenye CD nauzia wale wamama wa viwandani ambao hawafiki kwa kompyuta. Daktari alijua Alhamisi, akaniambia ni aibu, vitu vya bure. Ni ukweli, ni aibu. Ndiyo nilinyamaza." Alimeza mate. "Kuna mlinzi wa hapo geti tuligombania kivuli kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja. Hawezi nisahau."

Sajini aliandika jina la mlinzi huyo, akatoka kupiga simu. Aliporudi alikuwa ametulia zaidi. Mwelu alimwomba zile karatasi zilizochapishwa.

"Soma za kabla ya Machi. Tangu mwanzo. Tafuta Jumamosi."

Sajini alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Jumapili, Jumanne, Ijumaa. Jumapili, Jumatano, Ijumaa. Mwaka mmoja na miezi minne. Kidole kilisimama.

"Hakuna hata moja."

"Haiwezi kuwepo. Nililea huyo mtoto. Ijumaa jua likianza kushuka alikuwa anafunga kitabu hata kama sentensi haijaisha. Kama ni mzimu, sajini, basi ni mzimu wa mtu mwingine. Wa Nzisa usingesoma siku ya Sabato."

Jumanne, tarehe 16, saa kumi alasiri, walikutana watatu kwenye chumba cha kompyuta. Sajini Mbula aliketi nyuma kidogo, kitabu magotini. Daktari Syombua alikuja na mkoba wake mkubwa wa ngozi, akauliza kama kuna habari za madaftari. Mwelu alikuwa amesimama kando ya namba tisa. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cheupe, cha kanisani, na mbele yake aliweka kopo la siagi.

"Hizi ni pini, Daktari. Mia moja ishirini na sita. Nilizitoa kwenye shimo."

Daktari alizitazama.

"Nitakuambia nilivyoona, na pale nimekosea unisahihishe, wewe ndiye mwalimu. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo. Wesley alikuwa Athi River, sajini amehakikisha. Kaloki alikukuta hapa saa kumi na dakika kumi, ukasema unatafuta miwani. Hiyo miwani iko na kamba. Nimekujua miaka sita, haijawahi kuanguka. Nafikiri ulimsikia Kaloki kwa ngazi ukazima kioo tu, mashine ikabaki inawaka chini ya meza. Ndiyo nilikuta jina la mtoto wangu likinikaribisha."

Mkono wa Daktari ulipanda shingoni, ukashika kamba ya miwani.

"Mwizi anayetaka kuficha kwamba Nzisa aliacha kuandika mwezi wa tatu," Mwelu aliendelea, "daftari la kwanza kuchoma ni la Nzisa. Sasa mbona hilo ndilo halikuchomwa? Kuna mtu mmoja tu aliniahidi hilo daftari. Liko wapi, Daktari? Kitu cha mtoto wangu kiko wapi?"

Mtu alicheka huko nje barabarani, na punda akalia. Daktari Syombua alifungua mkoba wake. Alitoa kifurushi cha gazeti, akalikunjua gazeti, na maua ya manjano yakaonekana.

"Nilikishika juu ya moto," alisema. "Nikakitoa."

Mwelu alikichukua, akakiweka kifuani, hakukifungua.

Sajini aliuliza kwa nini, na Daktari akaeleza, akitazama kiti cha namba tisa muda wote. Waliomgharimia utafiti walisema wanafunzi wakishuka chini ya sitini, wataondoa mashine na kituo kitafungwa. Kufikia mwezi wa tatu wanne walikuwa wameacha. Waliobaki walikuwa sitini kamili. Halafu Nzisa akafa.

"Mmoja tu," alisema. "Nilijiambia ni jina moja, mpaka nipate mwingine. Niliwafikiria wale walimu wa Mwala, wangesomea wapi? Maneno ya siri niliwapa mimi mwenyewe, nilikuwa nayo yote. Halafu wengine wakaacha, mmoja baada ya mwingine, na njia nilikuwa nimeshaijua. Mwisho nilikuwa naketi hapa na majina kumi. Kufuli nililikatia nyumbani Ijumaa usiku. Madaftari yangewaambia wakaguzi kila kitu."

"Na kwa nini Jumamosi?" Sajini aliuliza.

Kwa mara ya kwanza Daktari alimgeukia Mwelu.

"Kwa sababu haukuwepo, Mama Nzisa. Sikuweza kukaa kwenye kiti chake, na jina lake, na wewe unanipita na ufagio."

Mwelu aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha namba tisa.

"Ulichagua siku ambayo sipo," alisema. "Hukujiuliza mbona sipo. Lililonizuia mimi ndilo lingemzuia na yeye. Na ulikubali waseme mtoto wangu anatembea. Ukakubali Wesley alale kwa simiti siku mbili."

"Ningesema. Wakaguzi wakishaondoka, ningesema."

"Labda." Mwelu alichukua kopo lake la pini, akamkabidhi sajini. "Ulinifuta machozi kaburini, sijasahau. Nitakuombea. Lakini si leo."

Waliondoka wawili, sajini nyuma, Daktari mbele akishuka ngazi kama mtu anayehesabu kila hatua. Wakaguzi walikuja Jumatano wakakuta ukweli: kopo la pini, daftari moja, na wanafunzi hamsini wa kweli. Waliandika mengi. Mashine hazikuondolewa juma lile, na hakuna aliyejua kama zingeondolewa juma lililofuata.

Jumapili, tarehe 21, Mwelu alimaliza kufagia saa tatu kasoro. Wesley alikuwa ameitwa kufuta majina ya wale kumi. Alipofikia la Nzisa aligeuka, akauliza kwa macho, na Mwelu akainamisha kichwa. Jina likatoka. Halikurudi.

Ndipo Mwelu akaketi namba tisa na kufungua daftari, kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Herufi za Nzisa zilikuwa za mviringo, zimelala kidogo upande mmoja.

Ijumaa, tarehe 9 Machi. Nimeanza saa tisa. Somo la kumi na moja. Nimefunga saa kumi na moja na nusu, jua linashuka. Nitaendelea Jumapili.

Mwelu alisoma mstari ule wa mwisho mara nyingi.

"Wesley. Somo la kumi na mbili linafunguliwa wapi?"

Wesley alikuja, akasogeza kile kidude cha mkononi, akabonyeza mara mbili. Kichwa cha somo kikatokea: Mtoto Anayechelewa Kusoma.

"Haitaki jina?"

"Haitaki, mathe. Iko wazi."

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea, mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akatoa penseli mfukoni. Chini ya maandishi ya binti yake aliacha mstari mmoja mtupu, na chini ya mstari huo akaandika kwa mkono wake mzito: Jumapili, tarehe 21 Oktoba. Nimeanza saa tatu. Somo la kumi na mbili.

Akafikiri kidogo, akaongeza jina. Mwelu.